Simu Inayopiga Picha Yenyewe: Namna ya Kuitumia na Namna ya Kujilinda

Je, simu inaweza kupiga picha bila mtu kuigusa? Ndiyo, inaweza. Mkulima wa pamba au mfugaji wa kuku hapa Binza anaweza kunufaika na uwezo huo. Lakini mtu mwenye nia mbaya naye anaweza kuutumia kukuchungulia. Ndiyo maana katika makala hii tunaeleza yote mawili.

Kamera inafuata amri

Unapobonyeza alama ya kamera, kidole chako kinatuma amri tu. Programu iliyo ndani ya simu ndiyo inayofungua kamera, kupima mwanga na kuhifadhi picha. Amri hiyohiyo inaweza kutoka kwenye maelekezo yaliyoandikwa, yanayoitwa skripti. Lugha mojawapo ya kuandikia skripti ni Python. Ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, raia wa Uholanzi, na kuitumia ni bure.

Kwa sisi wa Simiyu, mfano mkubwa wa kamera zisizohitaji kidole uko kwa jirani. Mwaka 2010 watafiti walianza kutega kamera 225 katika Hifadhi ya Serengeti. Mnyama akipita, kamera inahisi joto na mwendo wake, kisha inajipiga. Picha zilikuwa nyingi mno, hata ikabidi maelfu ya watu duniani wajitolee kuzitazama kupitia intaneti. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha matokeo ya kuifundisha kompyuta, kwa kutumia Python, kutambua wanyama katika picha milioni 3.2 za mradi huo.

Unachohitaji

Kwa kazi ndogo ya nyumbani, inatosha simu ya Android toleo la 7 au zaidi. Pakua programu mbili za bure, Termux na Termux:API, zote kutoka F-Droid. Ukichukua moja hapa na nyingine kwingine, hazitaelewana. Kisha fungua Termux na uandike amri hizi, moja baada ya nyingine:

pkg install python termux-api nano
termux-setup-storage
cd storage/dcim
nano picha.py

Hapo andika skripti yenyewe:

import subprocess, time
while True:
    jina = time.strftime("%d-%m-%Y_%H-%M-%S") + ".jpg"
    subprocess.run(["termux-camera-photo", "-c", "0", jina])
    time.sleep(600)

Mistari mitatu ya mwisho lazima iingie ndani kwa nafasi sawa, la sivyo Python itakataa. Mstari wa tatu unaipa kila picha jina lenye tarehe na saa. Wa nne unapiga picha. Kwa kawaida 0 ni kamera ya nyuma na 1 ni ya mbele. Wa mwisho unaiambia simu isubiri sekunde 600, yaani dakika 10, kabla ya kurudia. Hifadhi kwa CTRL na O kisha Enter, toka kwa CTRL na X, halafu andika: python picha.py. Simu ikiomba ruhusa ya kamera, kubali. Ukitaka kusimamisha, bonyeza CTRL na C.

Kifurushi cha intaneti kinahitajika wakati wa kupakua tu. Kupiga picha hakuli bando.

Inafaa kwa kazi gani?

Simu ya akiba ikiegeshwa mahali pamoja inaweza kuonyesha ni mnyama gani anakula mayai mchana. Inaweza kupiga miche ileile ya pamba kila siku, ili ujue majani yalianza kuliwa lini. Picha yenye tarehe humsaidia afisa ugani kuelewa tatizo kuliko maelezo ya kukumbuka.

Ina mipaka yake pia. Usiku haioni, kwa hiyo usiitegemee kwa tembo wanaoingia mashambani gizani. Haihisi mwendo kama zile za Serengeti. Inafuata saa tu. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyofichwa nyuma huzuiwa kutumia kamera, hivyo acha Termux ikiwa wazi kwenye kioo. Betri itaisha haraka, basi iweke karibu na sola, lakini si juani. Na ukipiga kila dakika 10 kwa saa 12, utapata picha 72. Kila moja ikiwa MB 3, hiyo ni MB 216 kwa siku. Futa usizozihitaji.

Sasa jilinde

Umeona kwamba mistari mitano inatosha kuendesha kamera. Mtu aliyetengeneza programu unayoipakua anaweza kuandika mistari kama hiyo, ukishampa ruhusa. Kwa hiyo jiulize: programu ya tochi, ya mchezo au ya mkopo inataka kamera ya nini? Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya ruhusa, kisha kamera. Utaona orodha ya programu zote zilizoruhusiwa. Iondolee ruhusa ile usiyoielewa.

Simu zenye Android 12 au zaidi huonyesha alama ya kijani juu ya kioo kamera inapotumika. Ukiiona wakati hupigi picha wala hupigi simu ya video, chunguza mara moja. Na simu yako usimwachie mtu usiyemwamini akuwekee programu.

Nawe ukitega simu, ielekeze kwenye banda au shamba lako, si kwenye njia ya watu, kisimani wala uani kwa jirani. Waambie wa nyumbani kwamba kuna kamera. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za kila mmoja wetu, na picha ya mtu ni mojawapo.