Pazia la mtumba laweza kuwa mtaji Songea

MKULIMA wa Songea anapouza mahindi kati ya Julai na Septemba, kazi kubwa huwa ni kuzifanya fedha hizo zifike Februari, wakati ghala limepungua na shamba linadai mbolea na palizi. Wengi hufungua genge au kununua kuku. Wapo pia wanaotazama mitumba, lakini si kwa ajili ya kuvaa.

Pazia la mtumba, shuka lililochanika pembeni au sweta lililobana baada ya kufuliwa vinaweza kugeuzwa foronya za mito ya makochi, vitambaa vya meza, mashuka ya viraka na vizulia vya mlangoni. Kazi hii haihitaji umeme wala chumba kikubwa. Cherehani ya mguu, mkasi mkali na pasi ya mkaa vinatosha kuanzia.

Hata hivyo, wapo wanaoianza kwa furaha na kuiacha baada ya miezi michache wakidai kwamba hailipi. Mara nyingi ubaya hauko kwenye bidhaa bali kwenye hesabu.

Kutoka 'kafa Ulaya' hadi sebuleni

Biashara ya mitumba ilipanuka nchini baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa katikati ya miaka ya 1980. Wakati huo nguo hizo zilibandikwa jina la 'kafa Ulaya', na wapo walioona aibu kuonekana wakizinunua. Leo aibu hiyo imekwisha.

Bei yake, hata hivyo, huamuliwa mbali na Songea. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya nguo, na ushuru ukapandishwa. Marekani ilitishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa katika soko lake chini ya mpango wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zililegeza msimamo, lakini Rwanda ilishikilia wake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye nafuu hiyo. Kwa mfanyabiashara mdogo, funzo ni kwamba bei ya robota inaweza kubadilika bila yeye kuulizwa. Anayeuza nguo kama ilivyokuja hana kinga. Anayeongeza kazi ya mikono yake ana nafasi kidogo ya kupumua.

Aidha, robota likishapakuliwa bandarini Dar es Salaam, linasafiri zaidi ya kilomita 900 kupitia Makambako na Njombe kabla ya kufika Songea. Gharama hiyo nayo imo ndani ya bei.

Usinunue robota kwanza

Kosa la kwanza la mgeni katika kazi hii ni kuchukua fedha za mahindi na kununua robota zima. Robota hufungwa na kukazwa, na mnunuzi haoni kilichomo ndani. Likifunguliwa, huenda nusu ya vitambaa visifae kwa kazi aliyokusudia, na mtaji ukalala hapo.

Ni heri kununua kipande kimoja kimoja, hasa masalia ambayo muuzaji ameshindwa kuyauza. Hapa ndipo penye faida. Doa kwenye kifua cha shati huua bei ya shati, lakini kwa mtu atakayekata kitambaa, doa hilo huondoka na mkasi. Vivyo hivyo shuka lenye tundu katikati. Kasoro inayomkimbiza mvaaji haimhusu fundi.

Kasoro ya kuogopa ni uchakavu wa kitambaa chenyewe. Kinyanyue kwenye mwanga: kikionyesha nyuzi zilizoachana, kiache. Kishike kwa vidole gumba viwili na ukivute. Kikitoa mlio wa kuchanika, ujue jua limeshakila, jambo la kawaida kwa mapazia yaliyokaa dirishani miaka mingi.

Kila kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kukatwa, ili kama ni cha kurudi kirudi mapema. Cha rangi kali kijaribiwe kwa kubonyezwa na kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikihamia, kisishonwe pamoja na cheupe.

Hesabu ya pazia moja

Bei zifuatazo ni za mfano tu. Kila mtu aweke za soko lake.

Chukua pazia la upana wa sentimita 130 na urefu wa sentimita 220. Foronya ya mto wa kochi wa sentimita 45 kwa 45, yenye mgongo unaopishana bila zipu, inahitaji kipande cha sentimita 48 kwa 113. Vipande hivyo vikikatwa kufuata upana, pazia moja linatoa foronya nne, na masalia yanatosha kwa viraka.

Tuseme pazia ni Sh6,000, uzi Sh500, sabuni na maji Sh500, mkaa wa pasi Sh500 na nauli ya sokoni Sh1,000. Jumla ni Sh8,500. Fundi akiuza foronya zote kwa Sh3,000 kila moja, atapata Sh12,000 na kuamini amepata faida ya Sh3,500.

Lakini nusu siku ya kazi yake iko wapi? Kama nusu siku hiyo ina thamani ya Sh4,000, gharama halisi ni Sh12,500. Amepata hasara ya Sh500 na hajui. Akiuza kwa Sh4,500, atapata Sh18,000. Hapo amejilipa, na Sh5,500 zinabaki za kununulia mapazia mengine.

Fulana na masweta pia

Fulana zilizochakaa shingoni hukatwa utepe wa sentimita 3, ukavutwa hadi ujikunje, kisha ukasukwa mara tatu kama nywele. Msuko huo huzungushwa na kushonwa kwa uzi imara kuwa kizulia cha mlangoni. Masweta ya sufu yanaweza kufumuliwa na uzi wake kufumiwa vitambaa vya makochi. Songea ina baridi ya Juni na Julai, hivyo masweta hayakosekani sokoni. Suruali za jinzi zinafaa kwa mito ya kukalia, ila zinahitaji sindano nene, namba 16.

Nguo za ndani zisiguswe. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linapiga marufuku uuzaji wa nguo za ndani za mtumba.

Uuze lini na wapi?

Mapambo si chakula. Januari na Februari, fedha zinapokuwa chache vijijini, wanunuzi ni wachache. Muda mzuri wa kuweka akiba ya bidhaa ni kabla ya mauzo ya mazao, ili ziwe tayari fedha zitakapoanza kuzunguka na watu wanapokarabati nyumba na kufanya harusi.

Njia mojawapo ni kuongea na maseremala wanaouza makochi. Kochi lililopambwa kwa mito huvutia zaidi, na seremala anaweza kukubali kuweka foronya kwa mali kauli. Makubaliano hayo yaandikwe: idadi, bei na siku ya kulipana.

Wanaotaka kukuza mtaji wanaweza kuunda kikundi na kuulizia halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayolenga wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ofisi ya SIDO mkoani Ruvuma nayo inaweza kuulizwa kuhusu mafunzo.

Lakini kabla ya mkopo, linunuliwe daftari. Kila pazia liandikwe: limegharimu kiasi gani, limechukua saa ngapi, limeuzwa kwa bei gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha za mahindi ni mali.