Makaa Juu, Ndani Mbichi

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilipita Majengo, Pumwani, kumwamkia bibi mmoja mzaliwa wa Mombasa. Nilimkuta uani amepalia mkate wa kumimina, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa, ila usiniguse kifuniko."

Mazungumzo yakamfikia jirani yake aliyefariki mwaka jana. Alikuwa na kivimbe titini. Akapelekwa kwa mganga, akachomwa chuma cha moto mara tatu. Kidonda kikapona, uvimbe ukaendelea chini ya kovu. Alipofika kwa daktari, miezi minane ilikuwa imekwisha kupita. Sasa mkwe wa bibi huyu ana kivimbe kama hicho, na jamaa wanamtaja mganga yuleyule.

Tiba ya moto si ngeni kwetu. Mtume (S.A.W.) aliitaja pamoja na asali na chuku, lakini akaukataza umma wake kuchoma. Wanavyuoni wamelijadili hilo. Mimi si mwanachuoni, napita.

"Moto ule ulifika ngozini tu," akasema bibi. "Mkate ukiungua juu, ndani bado mbichi."

Nikamweleza kwamba wako madaktari waliotafuta njia ya kuyaweka makaa ndani ya mkate wenyewe. Watoto wa mitaa hii hutoa sumaku katika spika ya redio mbovu, wakaifunga uzi na kuiburura mchangani, ikarudi na ndevu nyeusi za chuma. Madaktari nao hutumia vumbi la namna hiyo, lakini punje yake ni ndogo mara elfu kadhaa kuliko upana wa unywele. Hutiwa ndani ya uvimbe kwa sindano, kisha mgonjwa huwekwa penye mashine ambayo nguvu yake ya sumaku hugeuka mara 100,000 kwa sekunde. Punje hupata moto. Seli za saratani zikifikishwa nyuzi 43 hivi, na zikakaa humo muda wa kutosha, huanza kufa. R. K. Gilchrist na wenzake wa Chicago walilitangaza wazo hilo mwaka 1957.

Taabu ni damu. Hupita ikichukua joto na kwenda nalo, kama maji ya mfereji. Mwaka 1948 Harry Pennes wa New York alipima joto ndani ya mikono ya watu, akaandika kanuni ya kazi hiyo ya damu. Kanuni hiyo ndiyo inayopewa kompyuta. Picha ya uvimbe hukatwa vijisanduku maelfu kwa maelfu, na kila kimoja huulizwa: una vumbi kiasi gani, damu kiasi gani, jirani yako amekupa joto gani? Huulizwa tena na tena, hata ionekane ni wapi patafika nyuzi 43, wapi patabaki 40, na wapi nyama nzima itaungua.

Sikumficha bibi upungufu wake. Vumbi hujikusanya mahali pamoja, na damu hubadili mwendo mwili ukipata joto, basi hesabu hukosea. Kampuni ya Berlin iliyopata kibali mwaka 2010 kutibu hivyo uvimbe wa ubongo ilifilisika mwaka 2022. Titi bado hutibiwa kwa kisu, dawa na miale.

"Kumbe na wao hubahatisha?"

"Hubahatisha kwa hesabu, bibi, na kabla ya kumgusa mtu."

Akanyamaza. Akaondoa makaa, akafunua, akachoma kijiti katikati ya mkate na kukitazama kwa makini.

"Yule maskini hakupimiwa hata kwa kijiti," akasema.

Kisha akaniuliza, Jumatatu asubuhi, matatu za kwenda Hospitali ya Kenyatta huanza kupita saa ngapi.