Mama aliyechomwa utando wa kizazi anahitaji nini nyumbani?

Alifika kwetu idara ya wagonjwa wa nje Jumatatu asubuhi, amejifunika khanga mbili na huku anatetemeka. Ni mama wa watoto 5, umri wake miaka 44, mwanakwaya na mwanajumuiya mwenzangu. Wiki moja hivi kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemsomea karatasi aliyopewa aliporuhusiwa kutoka hospitali kubwa ya mjini. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza na foleni ilikuwa ndefu, nami nikamfupishia: "Mama, umetibiwa vizuri. Nenda ukapumzike na umeze dawa zako." Sikuongeza neno.

"Dada, mimi naoza," aliniambia siku ile ya Jumatatu.

Alikuwa na homa ya nyuzi 39. Alinieleza kwamba tangu siku ya tatu alitokwa na maji ya rangi ya waridi, kama maji yaliyooshea nyama, na hayakukoma. Jirani akamwambia kwamba kizazi kimeungua na sasa kinaoza. Kwa huruma kabisa akamletea majani yaliyopondwa na kufungwa katika kitambaa, ayaweke ukeni "yamkaushe". Siku chache baadaye harufu ikaanza, kisha homa na maumivu ya tumbo. Tulimlaza siku 6 kwa dripu na sindano za antibiotiki, akapona. Lakini maji yale ya mwanzo yalikuwa ya kawaida kabisa, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia hivyo. Ndiyo maana naandika ukurasa huu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Akina mama wengi huona damu nyingi ya hedhi kuwa mzigo wa mwanamke tu, wanyamaze na wavumilie. Ukitokwa na damu zaidi ya siku 7, ukalazimika kubadilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa moja au mbili, ukatoa mabonge makubwa, ukaamka usiku kubadilisha shuka, au ukakosa pumzi kwa kupanda kilima kidogo, huo ni ugonjwa na una tiba. Mama huyu alikuwa na damu gramu 6 wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Alikuwa amekwisha kuacha kwenda Misa ya Jumapili katika siku zake, kwa kuogopa kuchafua benchi.

Mara nyingi tiba huanza kwa dawa, kama vidonge vya asidi ya traneksamiki vinavyopunguza damu au dawa za homoni. Zisiposaidia, na kama mama hataki tena kuzaa, daktari bingwa anaweza kushauri kuuchoma utando wa ndani ya kizazi. Utando huu ndio unaokua na kubomoka kila mwezi na kuleta hedhi. Njia hii si ngeni duniani. Madaktari wa Marekani waliandika juu ya kuuchoma kwa mwanga wa leza mwaka 1981, na mwaka 1997 nchi hiyo iliruhusu kifaa cha puto linalojazwa maji ya moto ndani ya kizazi. Siku hizi viko pia vifaa vinavyotumia umeme. Tumbo halipasuliwi, kwani kifaa hupitishwa ukeni na kwenye mlango wa kizazi, na kazi yenyewe huchukua dakika chache tu. Kabla yake lazima kipande cha utando kipimwe ili kuhakikisha hakuna saratani. Ukiambiwa utachomwa bila kipimo hicho, uliza.

Baba mmoja aliniuliza nje ya kanisa kama tiba hii inaruhusiwa kwetu Wakatoliki. Waraka wa Papa Paulo wa Sita, Humanae Vitae, wa mwaka 1968, unatofautisha tiba ya lazima ya ugonjwa wa mwili na tendo linalokusudiwa kuzuia uzazi, hata kama tiba hiyo italeta kizuizi cha uzazi kama matokeo yake. Mwenye wasiwasi azungumze na padre wake.

Sasa turudi nyumbani. Wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukiwa umepewa nusu kaputi, usisafiri peke yako, wala usiendeshe chombo chochote kwa muda wa saa 24. Mimi huwashauri wanaotoka mbali walale kwa ndugu huko mjini usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda basi, kwa sababu kama kizazi kimetoboka au utumbo umeguswa na joto, dalili huonekana zaidi katika siku za mwanzo, na si vizuri zikukute njiani katikati ya pori.

Siku ya kwanza na ya pili tumbo husokota kama la hedhi kali. Parasetamoli au ibuprofeni husaidia, lakini mwenye vidonda vya tumbo asimeze ibuprofeni bila kumwuliza daktari. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa juu ya tumbo ni msaada mzuri. Kichefuchefu kidogo na kwenda haja ndogo mara kwa mara katika siku ya kwanza si ajabu.

Kisha huja yale maji. Huwa mepesi, yenye wekundu kidogo, na baadaye hugeuka kahawia. Huwa mengi siku za mwanzo, halafu hupungua, na yanaweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Ni sehemu iliyoungua inayojisafisha, kama kidonda cha moto cha mkononi kinavyotoa maji. Tumia pedi au vitambaa safi vilivyofuliwa kwa sabuni na kukaushwa juani, si vile vilivyofichwa uvunguni vikiwa na unyevu. Usiweke kitu chochote ukeni: si majani, si ndimu, si shabu, si dawa ya kujisafisha kwa ndani. Oga kwa maji safi, nawa nje tu. Kukalia mvuke wa dawa nako uache. Mlango wa kizazi umetoka kufunguliwa na ndani kuna kidonda; vijidudu vinatafuta njia hiyo hiyo.

Baba mwenye nyumba, hapa nakuomba usome na wewe. Tendo la ndoa lisubiri mpaka maji yale yakome na mpaka muda aliousema daktari utimie, na mara nyingi ni wiki 2 hadi 4. Mama huyu aliniambia alirudi nyumbani Jumatano, na Ijumaa alikuwa tayari mtoni na ndoo ya lita 20, kwa sababu hakuwa na kidonda cha kuonyesha. Angekuwa na nyuzi tumboni, watu wote wangemhurumia! Kazi nyepesi anaweza kuzianza baada ya siku chache, lakini jembe, kuni na maji ya kichwani yasubiri wiki moja hadi mbili. Watoto wakubwa wapo, na baba ana mabega.

Rudi hospitali upesi, hata kama ni usiku, ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika kusikokoma, uchafu wenye harufu mbaya, kushindwa kukojoa, au damu inayolowesha pedi nzima kwa saa moja na kuendelea hivyo. Nenda na ile karatasi uliyopewa uliporuhusiwa. Na kama imeandikwa kwa lugha usiyoielewa, mwambie muuguzi akusomee mstari kwa mstari. Usiondoke kwa neno moja la "pumzika".

Damu iliyopotea miaka mingi hairudi kwa wiki moja. Vidonge vya madini ya chuma humezwa kwa miezi kadhaa, na huendelezwa kwa muda hata baada ya kipimo kuwa kizuri, ili akiba ya mwili ijae. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Meza na chungwa au maji ya ndimu, na chai ikae mbali na vidonge na chakula, walau saa moja, kwa kuwa hukizuia chuma kuingia mwilini. Maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani vina kazi yake. Juisi ya rozela na soda nyekundu ni tamu, lakini wekundu wake si damu.

Usihukumu tiba kwa hedhi ya kwanza au ya pili. Subiri miezi 3 hadi 6, hata zaidi. Wengine hedhi hukoma kabisa, wengi hupata kidogo, na wachache hawapati nafuu, huhitaji tiba nyingine au kuondolewa kizazi. Kukosa hedhi hapa si ukomo wa hedhi, kwa kuwa mayai na homoni huendelea kama kawaida. Na wala mama hakuacha kuwa mwanamke, kama nilivyosikia watu wakisema kisimani. Ukipata maumivu makali yanayorudi kila mwezi bila damu kutoka, nenda ukapigwe picha ya ultrasaundi, maana damu inaweza kuwa imefungiwa ndani. Aliyefungwa mirija zamani aangaliwe zaidi kwa jambo hili.

Lipo moja ambalo wengi hawaambiwi. Kuchomwa utando hakuzuii mimba kwa uhakika, na mimba ikitokea ni ya hatari: inaweza kuharibika, au kondo la nyuma likashikamana na ukuta wa kizazi na mama akatokwa na damu ya kuua. Wanandoa wanaofuata njia ya Billings wakumbuke kwamba alama ya hedhi inaweza kutoweka na maji yale ya wiki za mwanzo hufunika ute. Waende wote wawili kwa mwalimu wao na kwa daktari, na wafanye hivyo kabla ya tiba.

Mama yule sasa hupata hedhi ya siku 2, kidogo. Kipimo chake cha mwisho cha damu kilikuwa gramu 12.4. Jirani yake aliyemletea majani alikuja naye siku hiyo, akaketi kwenye benchi langu na kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama siku 11 za hedhi ni nyingi.