Viti vya Wanawake Katika Michezo: Kweli au Si Kweli?

Majahazi ya Sur, Omani, yaliyokuwa yakienda Zanzibar na kaskazi, na kurudi na kusi, hayakuwa na njia nyingine ila kuizunguka Ras al Hadd, ncha ya mashariki kabisa ya Bara Arabu. Desemba 2014 kona hiyohiyo ilizungukwa na vyombo vya namna nyingine: mashua za Volvo Ocean Race, mbio za kuizunguka dunia, zikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Timu saba ziliingia mbio zile. Sita zilikuwa za wanaume watupu. Ya saba, Team SCA, ilikuwa ya wanawake watupu. Ya mchanganyiko haikuwepo hata moja.

Katika mbio zilizofuata, za 2017-18, wanaume na wanawake walikuwa wakishika zamu pamoja. Kilichobadilika katikati ni kanuni. Na kanuni za aina hii, za kuwaingiza wanawake katika kazi na uongozi wa michezo, zimezushiwa mengi barazani, Sur na Ibra kama Unguja na Mombasa. Tuyapime machache.

"Zinamlazimisha mwenye timu amchukue mwanamke asiyemtaka."

Kwa sehemu kubwa, si kweli. Waandaaji wa mbio zile walipotangaza kanuni yao Oktoba 2016, hawakumlazimisha nahodha yeyote. Walimwekea hesabu. Unataka wanaume watupu? Ruhusa, lakini wasizidi 7. Ukiongeza mwanamke mmoja au wawili juu ya hao 7, unakuwa na watu 8 au 9. Nusu kwa nusu, 10. Wanawake watupu, 11. Basi. Atakayekataa na akatae, lakini akumbuke kwamba kwenye bahari chafu usiku wa manane, tanga likihitaji kubadilishwa, watu wawili zaidi ni neema kubwa. Mashua iliyoshinda Juni 2018, Dongfeng, iliwabeba Carolijn Brouwer wa Uholanzi na Marie Riou wa Ufaransa, nao wakawa wanawake wa kwanza kuzishinda mbio hizo tangu zianze mwaka 1973.

Lakini tazama usukani. Kati ya manahodha 7 wa mwaka ule, mwanamke alikuwa mmoja tu, Dee Caffari. Mwingereza huyu si mgeni Omani: katikati ya miaka ya 2010 aliongoza mashua ya Al Thuraya Bank Muscat, yenye mabaharia wanawake wa Kiomani, katika mbio za Sailing Arabia The Tour. Kanuni iliwaingiza wanawake chomboni. Nani awe nahodha, haikusema.

Kanuni mashuhuri kuliko zote katika ajira za michezo, ile iitwayo Rooney katika soka ya Kimarekani, nayo kwa asili haimlazimishi mtu kuajiri. Ilianza 2003, ikihusu makocha wasio Wazungu, na kufika 2022 wanawake walikuwa wameingizwa ndani yake. Inachodai ni usaili: mwite, kaa naye, msikilize, kisha chagua umtakaye. Ukikwepa, unalipa. Mwaka huohuo wa 2003 mkuu wa timu ya Detroit Lions alitozwa dola 200,000 kwa kumwajiri kocha bila kumsaili hata mgombea mmoja asiye Mzungu. Udhaifu wake uko hapohapo penye upole wake, kwani mtu anaweza kuitwa kwenye usaili ili kutimiza idadi tu, na aliyemwita keshaamua jana.

"Mwenye uwezo hupanda mwenyewe, hahitaji kubebwa."

Mfano unaopendwa na wasemao hivi ni Bi Barbara Gonzalez, aliyekuwa mtendaji mkuu wa klabu ya soka ya Simba SC ya Tanzania kuanzia Septemba 2020. Hakuna kanuni iliyompa kazi ile, na chini yake Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mfano mzuri. Ila swali ni nani aliyekuwa na kalamu ya uteuzi. Bi Barbara alikuwa amefanya kazi kwa karibu na mwekezaji wa klabu, Mohammed Dewji, aliyeujua uwezo wa Bi Barbara kwa macho. Wangapi wana bahati ya kuonwa hivyo?

Pasipo kanuni, wakati hausaidii sana. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliundwa 1894 na haikuwa na mjumbe mwanamke mpaka 1981, miaka 87 baadaye. Na tusiende mbali. Omani, katika uchaguzi wa Majlis al-Shura wa Oktoba 2023, viti vilikuwa 90, wanawake waligombea, na hakushinda hata mmoja. Katika Majlis al-Dawla, ambako wajumbe huteuliwa, wanawake ni zaidi ya 10. Wanawake ni walewale wa nchi ileile, elimu yao ni ileile, mlango tu ndio tofauti.

"Wanaopewa viti hivyo hawajui mpira."

Hapa kuna punje ya kweli, na ni vizuri kuikubali. Mei 2017 Shirikisho la Soka la Asia, ambalo Omani ni mwanachama, lilikutana Manama kumchagua mwanamke wa kuliwakilisha katika Baraza la FIFA. Mahfuza Akhter Kiron wa Bangladesh alishinda. Baadaye mwandishi wa BBC alimuuliza ni nchi gani iliyokuwa bingwa wa dunia wa wanawake, naye akababaika kabla ya kuitaja Marekani.

Watu walicheka sana. Wachache waliuliza alimshinda nani. Alimshinda Moya Dodd, mwanasheria, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Australia, aliyekwisha kukaa katika kamati kuu ya FIFA na kupigania mageuzi yaliyozaa kiti chenyewe. Kura zilikuwa 27 kwa 17, na waliopiga ni wajumbe wa mashirikisho, karibu wote wanaume. Walimwona mchezaji huyo na mwanasheria, wakampita. Lawama ya uteuzi ule nani aibebe, kanuni au mpiga kura?

"Haya ni mambo ya Wazungu."

Si kweli hata kidogo. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati kuu ya FIFA, mwaka 2013, alitoka Burundi: Bi Lydia Nsekera, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la nchi yake tangu 2004. Tanzania ina viti maalum bungeni. Kenya imeandika katika ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa, na mashirikisho ya michezo yamejikuta yakiulizwa swali hilo. Utekelezaji ni jambo jingine. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge lenyewe kwa kushindwa kutunga sheria ya ibara hiyo, na Bunge halikuvunjwa.

"Muhimu ni kupata kiti kimoja, vingine vitafuata."

Huu ndio uzushi unaoniudhi zaidi, maana husemwa na wanaojiita marafiki. Mageuzi ya FIFA ya 2016 yalitaka kila bara lilete angalau mwanamke mmoja katika Baraza. Riadha ilifuata njia nyingine. Mwaka huohuo wa 2016 ilipitisha mageuzi ya ngazi kwa ngazi, yenye miaka na idadi, yafike nusu kwa nusu ifikapo 2027. Walifika mapema: mkutano wa Budapest wa Agosti 2023 ulitoa Baraza la wanaume 13 na wanawake 13.

Soka imebaki na "angalau mmoja" wake. Machi 2025, Cairo, kiti hicho kimoja cha Afrika kiligombewa na wanawake watatu wazito: Nsekera, Isha Johansen wa Sierra Leone na Kanizat Ibrahim wa Komoro. Kanizat alishinda, na wenzake wawili, wenye uzoefu wa miaka mingi, wakarudi nyumbani. Katiba ya FIFA haimkatazi mwanamke kugombea viti vile vingine vya bara. Siku ile vyote vilikwenda kwa wanaume.