Popo si wa Namna Moja

Mama, siku ya kupima watoto kilo tunapata maulizo mengi. Ulizo moja linarudi kila mara watu wakizungumza habari za Ebola: "Wale popo wanaolala juu ya nyumba yetu, ndio wanaoleta ugonjwa?" Hatuwezi kujibu kwa neno moja, juu popo si wa namna moja. Toka milima ya Masisi mpaka msitu wa Walikale wako popo wa namna nyingi, na wengine wanafanana kama mapacha.

Anza na uso. Popo mdogo anayejificha chini ya mabati ana macho madogo sana, na mara nyingi mkia wake unatokea nje kama mkia wa panya. Mwingine, anayependa mapango, ana pua iliyokunjamana kama jani. Hao wote wanakula wadudu, na usiku wanakusaidia kupunguza mbu na vipepeo vinavyoharibu shamba. Wao si wale tunaotaka kukueleza leo. Lakini mavi yao yakianguka ndani ya mtungi wa maji, maji yameharibika. Kwa hiyo funika mtungi.

Popo wa matunda ana uso kama wa mbwa mdogo, na macho makubwa. Hapa ndipo kazi inakuwa ngumu, juu wenye uso wa mbwa wako wengi.

Yuko mmoja mkubwa, mwenye shingo na mabega ya manjano kama nyasi kavu. Akifungua mabawa, toka ncha mpaka ncha ni karibu sentimeta 75. Analala juu ya miti mirefu, tena si peke yake: wanakuwa mamia na maelfu, wanapiga kelele mchana kutwa, kisha siku moja wanahama wote. Kwa popo wa namna hii wataalamu walikuta kirusi kilicho ndugu ya kile cha kichaa cha mbwa.

Ndani ya msitu yuko mwingine ambaye dume lake lina kichwa kikubwa na pua nene, sawa kichwa cha farasi. Usiku linaita majike kwa sauti nzito, mpaka mgeni anadhani ni chura mkubwa. Jike lina uso wa kawaida tu, na ukiwaona mbalimbali utasema ni wanyama wawili tofauti. Yuko tena yule mwenye alama nyeupe chini ya masikio, na dume lake lina nyele nyeupe mabegani. Hao wawili wanalala katikati ya majani, wachache wachache. Mwaka wa 2005 wataalamu waliofanya kazi Gabon na Kongo-Brazzaville walitangaza kwamba wamekuta dalili za Ebola ndani ya miili yao.

Sasa tufike kwa popo wa pango. Rangi yake ni ya udongo, nyele zake ni fupi, mkia wake ni mfupi sana, mabawa yake ni karibu sentimeta 60. Wataalamu wamempa jina la Misri, juu yule wa kwanza waliyemwandika alitoka ndani ya piramidi kubwa ya huko. Analala gizani kabisa, ndani ya pango au shimo la mgodi, wamebanana wengi sana. Tena ana desturi moja ambayo wenzake wa mitini hawana: akiruka gizani anapiga ulimi, tk-tk, tk-tk, na kwa mwangwi ule anajua ukuta uko wapi.

Basi utasema, nimeshamjua. Ngoja kwanza. Katika milima yetu ana ndugu anayelala pangoni vilevile, naye tofauti yake ni nyele ndefu tu. Wataalamu wenyewe wakiwashika wanapima mfupa wa mkono na kuangalia meno, na mara nyingine wanapeleka kipande cha ngozi laboratwari ndipo waseme ni nani. Usijaribu wewe kumshika popo ili upime nyele zake! Kwako wewe alama nzuri ni mahali anapolala. Mwenye macho makubwa, analala ndani ya shimo: jihadhari naye, awe huyu au ndugu yake.

Juu ya nini? Huyu popo wa pango ndiye mwenye kubeba kirusi cha Marburg, ugonjwa ulio ndugu ya Ebola. Kule Durba, kaskazini-mashariki ya nchi yetu, toka 1998 mpaka 2000 watu 154 walishikwa, na 128 wakafa. Wengi walikuwa wachimbaji wa dhahabu. Ugonjwa ulikatika wakati mgodi ulipojaa maji. Mwaka wa 2007 wachimbaji waliugua tena kwenye mgodi wa Kitaka, Uganda, na huko wataalamu walikitoa kirusi kikiwa hai katika popo hawa. Watu wakawaua popo wa Kitaka. Kumbe hawakumaliza neno: popo wengine wakaingia shimoni, na mwaka wa 2012 wenye kirusi walikuwa 13 kwa kila 100, wakati zamani walikuwa 5. Kwa hiyo bwana akisema atachoma moto pangoni, mwambie habari ya Kitaka.

Wewe huingii shimoni, lakini mume wako au kijana wako pengine anachimba Rubaya ao Bisie. Mwulize kama mle ndani mna popo wenye macho makubwa. Kama wamo, heri aache shimo lile. Akitoka, anawe kwa sabuni kabla ya kubeba mtoto, na nguo za kazi zisilale kitandani. Embe ao pera lenye alama ya meno litupwe, hata kama upande mmoja ni mzima. Watoto wanapenda kuokota popo aliyeanguka. Popo anayeshikwa na mtoto mchana mara nyingi ni mgonjwa. Akimwuma, hata jeraha likiwa dogo kama tundu la sindano, osha kwa maji na sabuni dakika 15, na umlete siku ileile.

Marburg inaanza kama malaria: homa ya ghafula, kichwa kuuma sana, viungo kuuma, nyuma kutapika na kuhara. Inaweza kuanza siku 2 mpaka 21 baada ya kuingia shimoni. Muganga hawezi kujua kwa kumtazama tu. Kwa hiyo ukimleta mgonjwa wa namna hii, neno la kwanza mlangoni, kabla ya jina na kabla ya karatasi, liwe hili: "Alikuwa ndani ya shimo lenye popo."