Mashudu ya Alizeti: Hazina ya Viwanda vya Hanang na Mbulu

Kwa mkulima wa Hanang na Mbulu, kiwanda kilicho karibu naye ni kile cha kukamua alizeti. Mashine nyingi ni za skrubu: mbegu humiminwa juu na kubanwa kinuni, mafuta yakachuruzika chini, mashudu yakatoka mdomoni vipande vipande, yangali ya moto.

Anayetaka kiwanda chake kidumu aanzie kwenye mashudu hayo. Yakifinywa yakaacha utelezi mwingi vidoleni, mafuta yamebaki humo. Kilo 100 za mbegu zikiacha kilo 70 za mashudu, kila asilimia moja ya mafuta iliyobaki ndani ya mashudu ni gramu 700, na umeme au dizeli ya kuyakamua imekwisha kulipiwa. Mara nyingi chanzo ni skrubu iliyolika, au mbegu mbichi iliyochanganyika na mchanga. Na mchanga huohuo ndio unaoila skrubu. Ndiyo maana chekeche na turubai la kuanikia, vitu vya bei ndogo, vinastahili kununuliwa kabla ya mtambo wowote wa kisasa.

Mashudu yaliyokamuliwa vizuri bado yana protini nyingi, na hulisha ng'ombe na kuku. Hanang jambo hili lina uzito wake: kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalichukua malisho ya wafugaji Wabarbaig, kwa hiyo lishe ya ziada ina thamani. Mashudu yakiliwa hukohuko, samadi hurudi shambani. Yakipakiwa yote kwenye malori, rutuba ya udongo husafiri nayo.

Masimbi yanayotuama chini ya pipa la mafuta huwafaa watengeneza sabuni. Maganda nayo, pale mbegu inapokobolewa, huchomwa kuchemshia maji ya kusafishia mafuta badala ya kuni. Akiba hiyo ya kuni si ndogo kwa watu wanaotegemea vijito vya Mlima Hanang na msitu wa Nou, vinavyolindwa na miti.

Ugumu uliobaki ni msimu. Mavuno yakipita na mbegu kwisha, mashine hunyamaza huku mkopo na mlinzi vikiendelea kudai. Kiwanda chenye ghala kavu la kuwekea mbegu za kukamua baada ya msimu, kinachonunua kwa kupima kilo badala ya rumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, humpa mkulima sababu ya kukiletea mbegu mwaka unaofuata, naye huileta ikiwa kavu na safi.