Nilishinda vita mezani, kisha nikahesabu waliokufa

Jumamosi saa nane mchana, wasee wengi wa rika langu wako kwa base, wako kwa mpira ama wamelala. Mimi huwa nimeinama juu ya meza mbili zilizounganishwa katika chumba fulani Ngara, futi ya fundi wa nguo mkononi, nikipima kama jeshi langu litafika mtoni kabla ya giza. Cheka tu. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mnachagua vita vilivyopiganwa kweli, mnatengeneza uwanja wake mezani, kisha kila upande unaongoza jeshi la vijisanamu. Vyetu vina kimo cha milimita 28, karibu sawa na pingili ya juu ya kidole gumba chako. Unasogea kwa kipimo, unapiga risasi kwa dadu. Mwandishi Mwingereza H.G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za mchezo wa aina hii mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vyenyewe vikalipuka, vikafika hadi huku kwetu.

Nilijiunga baada ya kutoka chuo bila cheti. Karo iliisha na, tusidanganyane, hata hamu ilikuwa imeisha. Historia kwangu ilikuwa somo la kukariri tarehe na kuzisahau baada ya mtihani. Kilichonivuta pale ni kwamba hakuna aliyeniuliza "siku hizi unafanya nini?" Niliulizwa tu: "Unachukua upande gani?"

Nikachukua Waingereza, vita vya Tanga, Novemba 1914. Nikajiona nimeshashinda: wanajeshi wapatao 8,000 walioletwa kwa meli kutoka India, dhidi ya kama 1,000 wa Mjerumani. Nikasonga mbele bila kutuma hata mtu mmoja kupeleleza. Kufikia saa kumi nilikuwa nakimbilia melini. Kuna hata kadi ya nyuki, na si utani, kwa sababu siku ile nyuki walitoka mizingani wakawavamia wapiganaji.

Nikalalamika kwamba dadu zimenionea. Mzee wetu wa klabu, ambaye ni fundi wa viatu, akanitazama juu ya miwani. "Kijana wangu, hata Jenerali Aitken hakupeleleza vizuri."

Hapo nikashikika. Nikaanza kusoma usiku, mimi niliyekimbia vitabu.

Kisha siku moja dada mmoja wa klabu, anayesomea uuguzi, akauliza swali lililotunyamazisha: "Hawa watu wenu wanakula nini?" Kanuni zetu zilihesabu risasi na bombomu. Hazikuwa na hata gunia moja la unga.

Ukweli ni kwamba farasi na nyumbu walikufa kwa wingi kwa sababu ya mbung'o, na barabara hazikuwepo. Kwa hivyo chakula, risasi na dawa vilibebwa na watu, vichwani na mabegani. Mwaka 1917 Waingereza walisaka wanaume wa Kenya kwa nguvu ili wabebe mizigo hiyo. Baadhi yetu wakasema wapagazi watafanya mchezo uwe polepole. Mzee akauliza, "Na Kariokor mnadhani ilitoa wapi jina?" Nimeshukia hapo matatu miaka na miaka. Sikujua kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Basi tukatengeneza wapagazi 30 kwa waya na udongo. Mzigo kichwani ni punje ya maharagwe, nguo ni rangi ya kucha. Tukacheza Rufiji, mvua za mwaka 1917. Kanuni mpya ilikuwa rahisi: ukitaka kufika haraka, wapagazi wako hawapumziki, na kila mmoja anarushiwa dadu. Ikija moja au mbili, unamtoa mezani.

Nilitaka kushinda. Nikawasukuma. Jioni nikafika nilikotakiwa kufika, ushindi safi. Wakati wa kupanga vitu kwenye sanduku nikahesabu: wapagazi 19 walikuwa kando, wamelala juu ya gazeti. Wanajeshi niliopoteza walikuwa wanne. Hakuna aliyepiga makofi, hata mimi.

Rekodi za Waingereza wenyewe zinahesabu zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi.

Wiki hiyo nilimpigia cucu simu kijijini nikamweleza. Alikaa kimya, kisha akasema guka wake alichukuliwa wakati huo na hakurudi. Hawakuletewa mwili wala barua. Nikamuuliza mbona hakuwahi kutuambia. Akajibu, "Na nani aliwahi kuniuliza?"

Sasa, wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu, huhitaji chapaa nyingi kuanza. Dadu mbili, futi, maboksi ya kukata vilima na marafiki watatu wasioogopa kushindwa. Chagua vita vimoja, visome kabla hujavicheza, na kila mara uliza ni nani anabeba maji. Lakini kabla ya hayo yote, mpigie cucu au guka wako umuulize.

Na ukipita Kenyatta Avenue, kuna mnara wenye sanamu tatu za shaba, umesimama pale tangu 1928. Wawili wana bunduki. Wa tatu ni mpagazi. Mimi nimempita tangu nikiwa mtoto. Siku hizi husimama kidogo.